Filamu Yenye Steringi Kumi na Mmoja

Muulize mtu aliyeitazama Ocean's Eleven ya mwaka 2001 ni dola ngapi zilizoibwa. Mara nyingi hakumbuki. Zilikuwa milioni 160, lakini yeye atakusimulia habari za Yen, mwanasarakasi wa Kichina aliyejikunja ndani ya toroli la fedha. Atakusimulia Basher alivyoizimia umeme Las Vegas nzima, na mzee Saul alivyotoka kwenye ustaafu wake na kujifanya tajiri mgeni. Fedha ameshazisahau, watu bado anao.

Katika mabanda ya video ya Kasingirima na Ujiji yote kwa jumla, tumelelewa na filamu za steringi mmoja. Rambo anaingia msituni peke yake, Bruce Lee anapanda ngazi peke yake, na kila mtu kwenye benchi anajua steringi hafi. Filamu za wizi wa kasino zilikuja na mpangilio mwingine: steringi ni kundi zima, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuifanya kazi hiyo akiwa peke yake. Hapo ndipo utamu wake unapoanzia.

Angalia jinsi Steven Soderbergh, mwongozaji wa Ocean's Eleven, anavyolikusanya kundi lake. Hana haraka. Anatupeleka Atlantic City kwa Frank, mgawa karata. Utah kwa ndugu wawili madereva wasioacha kugombana. Kisha Chicago, ambako kijana Linus anachomoa pochi ya abiria ndani ya treni. Kabla hajafurahia alichokipata, anagundua kwamba Danny Ocean, kiongozi wa kundi, naye amekwishamchomolea pochi hiyohiyo na kumwachia kadi mfukoni. Hakuna aliyeeleza kwa maneno nani ni fundi na nani ni bingwa, ila sote tumeelewa. Akira Kurosawa alikusanya wapiganaji wake kwa subira ya namna hiyo katika Seven Samurai, mwaka 1954, na wengi wamejifunza kwake. Ni raha ileile tuliyoipata mwaka 2012 Kigoma All Stars walipotoa Leka Dutigite: unasikiliza huku unasubiri zamu ya sauti unayoijua, na zamu yake ikipita, unabaki kusikiliza jinsi sauti zote zinavyokaa pamoja.

Lakini kwa nini iwe kasino, isiwe duka la dhahabu? Jibu liko kwenye hesabu. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye namba moja na ikatoka, unalipwa 35,000 na kurudishiwa ile 1,000 yako. Cheza mara 37, na kwa wastani utakuwa umetoa 37,000 na kurudishiwa 36,000. Ile 1,000 inayobaki, karibu asilimia 2.7, ni ya mwenye nyumba, na ataendelea kuikusanya maadamu gurudumu linazunguka. Magurudumu mengi ya Marekani yana namba 38, na huko fungu la mwenye nyumba linapanda hadi asilimia 5.26. Hana haja ya kudanganya. Kanuni za mchezo zenyewe zinamfanyia kazi. Kijana ambaye mkeka wake umechanika Jumamosi kwa timu moja tu analielewa jambo hili bila kufundishwa. Na wazee wetu wa Ujiji wanaosema kamari ni haramu nao wanaielewa hesabu hii vizuri. Ndiyo maana kasino ikiibiwa kwenye filamu, hakuna kwenye banda anayemhurumia mwenye mali.

Kuna jambo la pili kuhusu kasino, nalo mimi naliona ni zito zaidi. Kasino ni jengo lililojaa watumishi ambao matajiri hawawatazami usoni. Katika Ocean's 11 ya kwanza, ya mwaka 1960, Frank Sinatra, Dean Martin na wenzao wanaziibia kasino tano usiku mmoja wa mwaka mpya, lakini anayezitoa fedha mjini ni Sammy Davis Jr., dereva wa gari la taka. Polisi wanakagua magari barabarani, gari la taka linapita. Mwaka huo hoteli kubwa za Las Vegas ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuwafungulia milango wateja weusi, na mwanzo wa mwaka Sammy Davis na wenzake walikuwa wakirekodi filamu mchana na kutumbuiza hotelini Sands usiku. Katika filamu ya 2001 pia, kazi inafanywa na mgawa karata, mhudumu na fundi wa kamera, watu wanaopishana na Benedict, bosi wa kasino, kila siku bila yeye kuwajali.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Waandishi wa filamu hizi wana kanuni yao: mpango ukielezwa wote mapema, lazima uharibike, ukitakiwa kufanikiwa, sehemu yake moja ifichwe. Ocean's Eleven inafanya kitu kigumu zaidi, kwa kuwa inatuonyesha sehemu hiyo waziwazi na bado hatuioni. Kundi linajenga ghalani mfano kamili wa chumba cha fedha cha Benedict. Mmoja anauliza kama ni wa kufanyia mazoezi, Danny anajibu nusunusu, nasi tunaridhika. Baadaye Benedict anatazama kwenye televisheni chumba chake kikiibiwa. Anaita polisi, na polisi wanafika na silaha na mabegi. Mambo yakiisha ndipo anaitazama tena ile picha na kugundua kwamba sakafu ya chumba kile haina nembo ya hoteli yake, iliyowekwa siku chache tu zilizopita. Alichokuwa akikitazama kilirekodiwa ghalani. Na wale polisi walikuwa ni wezi wenyewe, waliotoka mlangoni na fedha mabegani.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia watafsiri wetu wa filamu. Kazi ya kina Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo nchini Uganda ni kumweleza mtazamaji kila kinachoendelea, na mtafsiri ameshaiona filamu mpaka mwisho. Filamu ya vita haidhuriki akidokeza kidogo. Hii inakufa palepale akitamka mapema kwamba polisi ni wa bandia. Inambidi awatafsirie watu uongo kama uongo, kwa sauti ya mtu anayeuamini, akingoja dakika yake. Yen anampa kazi nyingine: anazungumza Kichina karibu mwanzo hadi mwisho, wenzake wanamjibu Kiingereza, na filamu haimwekei tafsiri. Mtafsiri hodari anajua wapi pa kumpa maneno na wapi pa kumwacha aeleweke kwa uso wake.

Katika filamu za zamani mwisho ulikuwa mwingine. Kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia 1934, kanuni za maadili za Hollywood zilitaka mhalifu asifaidi matunda ya uhalifu. Kwa hiyo katika Ocean's 11 ya 1960 fedha zinafichwa ndani ya jeneza la mwenzao aliyekufa, na mjane anaamua mwili uchomwe moto. Ufaransa, Jean-Pierre Melville alikuwa na njia nzuri kuliko hiyo: katika Bob le flambeur ya 1956, Bob anaingia kasino ya Deauville kama mpelelezi wa kundi, anaanza kucheza, anashinda usiku kucha kwa halali mpaka anausahau wizi aliokuja kuufanya. Kwangu mimi, hakuna mwisho katika aina hii ya filamu unaoufikia huo.

Mzazi wa filamu zote hizi ni The Asphalt Jungle ya John Huston, ya mwaka 1950, na Huston huyohuyo mwaka uliofuata alitoa The African Queen, hadithi inayotokana na vita vya ziwa letu. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Afrika Kusini, kisha kwa reli, kwa kuburutwa kupita milima ya Kongo na kwa mto hadi Ziwa Tanganyika, ili kuwashtukiza Wajerumani wa Kigoma. Tarehe 26 Desemba waliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani hao. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, nasi tunaijua kama Liemba. Huston alikuwa ametoka kuonyesha jinsi kila mtu katika kundi la wezi anavyostahili sura na ufundi wake, lakini hadithi ya ziwa aliyoichukua ilibakiwa na wapenzi wawili wazungu ndani ya boti moja. Vibarua wa Kongo waliokata njia, wakajenga madaraja na kuzivuta boti zile hawakupata hata zamu moja. Mpango wa siri upo, kundi lipo, mafundi wa kila aina wapo, na meli yenyewe bado ipo. Filamu hiyo inasubiri mwongozaji wa kwetu, atakayeanza na namna vibarua wale walivyokusanywa, mmoja mmoja.