Kukipima Kitabu cha Kusomwa Darasani katika Uzaramo

Kitabu chaweza kuwa kizuri mikononi mwa mtu asomaye peke yake, kisiwe kizuri darasani. Asomaye peke yake akichoka hukifunga. Darasani watoto hawana ruhusa hiyo, tena kila mmoja husikiliza huku akiwatazama wenzake. Basi twataka kueleza jinsi ya kukipima kitabu cha hadithi kabla ya kuwasomesha watoto, na mifano yetu twaitoa Kibaha na Kisarawe, nchi ya Wazaramo.

Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka wa 1930, ilivipitia vitabu vya shule na kuthibitisha kwamba lugha yake ni sanifu. Siku hizi Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo ivitazamayo. Ithibati ni jambo la lazima, walakini haiwezi kumwambia mwalimu wa Maneromango kama watoto wake watakipenda kitabu.

Tuanze na lugha. Mwalimu achague ukurasa wa katikati, si wa kwanza, maana waandishi huupamba ukurasa wa kwanza kama mlango wa nyumba. Ampe mtoto wa kadiri, asiye hodari sana wala asiye mzito, ausome kwa sauti. Akikwama katika neno moja moja, si neno. Akikwama katika kila sentensi, kitabu kingoje mwaka mwingine. Kisha amwulize, Je, wadhani nini kitatokea sasa? Mtoto asipotaka kujua, kitabu hakijamshika.

Maneno ya ugeni hayatutishi. Kitabu kilichopigwa chapa Nairobi kitasema rununu, na mtoto wa Mlandizi ajua simu ya mkononi; hilo huelezwa mara moja. Kibaya zaidi ni kitabu kinachodhani kwamba mtoto wa shamba hajui kitu. Mtoto wa Soga ameyaona magarimoshi ya reli mpya yakipita na abiria tangu mwaka wa 2024. Akipewa kurasa tatu za kuelezwa garimoshi ni nini, atacheka, naye ana haki.

Lililo zito ni desturi. Msichana wa Kizaramo akivunja ungo huitwa mwali. Huwekwa ndani, hufundishwa na wanawake wazima, kisha hutolewa kwa ngoma. Hapo kale alikaa ndani miezi mingi, hata miaka. Kwa ajili ya shule muda huo umepungua. Mwandishi atakaye kusimulia habari za msichana na masomo yake hawezi kuliruka jambo hili. Je, kitabu cha namna hiyo kisomwe mbele ya wavulana na wasichana pamoja?

Wako watakaosema kisiguswe. Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule, ikisema havipatani na maadili, na mwalimu mwenye hofu aweza kuona kwamba kila kitabu kinachotaja mwili chafaa kufungiwa kabatini. Sisi hatuoni hivyo.

Nyimbo na mafumbo ya unyago ni mali ya wale waliofundishwa. Kitabu kinachoyafunua ili kuchekesha kimewavunjia heshima mama na bibi wa watoto hao, nacho kirudishwe kilikotoka. Hali kadhalika tunakitilia shaka kitabu kinachomfanya mwana hiti, kile kisanamu cha mti ambacho mwali alipewa akitunze kama mtoto, kuwa kitu cha mchezo tu. Mwandishi wake hakuuliza. Lakini kitabu kinachoeleza yaliyo moyoni mwa mwali, hofu yake, fahari yake, siku za shule zinazompita akiwa ndani, hakikufunua siri ya mtu. Msichana hujiona humo, na mvulana hupata kujua yale asiyoambiwa jandoni. Kukificha ni kumwambia msichana kwamba jambo kubwa la maisha yake halistahili kuandikwa.

Namna ya kukisoma nayo yataka busara. Ukurasa ule mwalimu asimsimamishe msichana ausome. Ausome yeye mwenyewe, bila kunong'ona wala kutabasamu. Na kama ni mgeni aliyetoka bara, amwendee kwanza mama mzee wa mahali pale na kitabu mkononi, kwa kuwa neno la adabu kwao laweza kuwa tusi hapa. Huenda mama huyo akataka asomewe mpaka mwisho.