Huzuni ya Kipupwe (Sehemu ya 3): Mikono Itangulie

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi uhaba wa mwanga unavyowaelemea watu wa kaskazini ya mbali. Tulimtaja Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Johannesburg. Alipohamia New York miaka ya 1970 aliona nguvu zake zikififia kila kipupwe na kurejea siku zilipoanza kurefuka, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaueleza ugonjwa huo kitaalamu. Tulieleza pia taa ya laksi 10,000, ambayo mgonjwa hukaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi. Leo nataka tuzungumzie kitu cha bei nafuu zaidi, ambacho naamini hakijapewa heshima yake: kazi ndogo ya mikono, inayofanywa ndani ya nyumba, kwa saa maalumu.

Msomaji wa Dar es Salaam, ambaye mchana wake mrefu kuliko wote hauuzidi ule mfupi kwa saa nzima, huenda asiuone uzito wa jambo hili. Basi afikirie Oslo mwezi Desemba. Jua huzama saa tisa alasiri na dakika chache, wakati ambapo kwetu watu bado wanangoja adhana ya Alasiri. Kule Tromsø, juu zaidi, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliopewa makazi Norway huingia katika giza hilo bila kurithi mazoea ya kuishi nalo. Wapo wanaojiona wamekuwa wavivu. Wapo wanaodhani imani yao imepungua, au kwamba kuna mtu huko nyumbani amewafanyia jambo.

Kinachotokea kina maelezo yake. Mtu akikosa mwanga, usingizi wake huvurugika na mwili huwa mzito. Kwa sababu ya uzito huo, huacha kutembelea jamaa, huacha kupika chakula anachokipenda, hujilaza na simu mkononi. Sasa yale yaliyokuwa yakimpa raha hayapo tena, na kwa kuwa hayapo, huzuni huongezeka, naye huacha hata machache yaliyobaki. Mwanasaikolojia Mmarekani Peter Lewinsohn aliueleza mzunguko huu miaka ya 1970. Kutokana na fikra za aina hiyo ikazaliwa tiba inayoanzia kwenye matendo: mgonjwa hupanga jambo dogo lenye kuridhisha na kulifanya kwa wakati wake, awe na hamu au asiwe nayo. Hamu huja nyuma ya tendo. Hapa ndipo watu wengi hukwama, maana kila mmoja wetu amezoea kungoja moyo utake kwanza.

Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont aliijaribu njia hii kwa wagonjwa wa kipupwe. Watu 177 waligawanywa: wengine walipewa taa, wengine mafunzo ya kubadili fikra na kupanga shughuli za kupendeza za msimu wa baridi. Katika kipupwe cha kwanza makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Kipupwe cha pili baada ya tiba ndicho kilicholeta tofauti: ugonjwa uliwarudia kama asilimia 46 ya waliotumia taa, na asilimia 27 tu ya waliopata mafunzo. Kwa maoni yangu sababu haiko mbali. Taa hudai kuwashwa kila asubuhi, kila mwaka, na wengi huisahau kabatini. Mazoea, yakishaingia mwilini, mtu huyabeba popote aendapo.

Shughuli gani basi? Norway yenyewe inalo jibu la zamani, nalo ni kufuma. Katika kijiji cha Selbu, mwaka 1857, msichana aitwaye Marit Emstad alifuma glavu za rangi mbili zenye nakshi ya nyota, na nakshi hiyo leo hujulikana nchi nzima. Kufuma hakuhitaji nafasi wala mashine. Uzi mnene wa sufu na sindano mbili nene humtosha anayeanza. Tanzi moja huvutwa ndani ya jingine, safu juu ya safu, hadi skafu ikatokea. Kuhesabu matanzi huishughulisha akili kiasi cha kuipumzisha isirudierudie mawazo mabaya, lakini hakuichoshi. Katika utafiti wa maoni uliochapishwa Uingereza mwaka 2013, uliohusisha wafumaji zaidi ya 3,500, waliofuma mara nyingi ndio waliosema zaidi kwamba hujisikia watulivu na wenye furaha. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kufuma ndiko kulikoleta furaha, lakini unaafikiana na yale tuliyoyaona hapo juu.

Anayetoka Unguja au Lamu halazimiki kuanza upya. Kofia ya viua, yenye vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, huchukua miezi, na miezi ndiyo hasa inayotafutiwa kazi huko.

Nashauri saa ipangwe pale giza linapoingia, si usiku wa manane, na kiwango kiwe kidogo: safu 10, kisha mtu yuko huru kuacha. Afadhali zaidi kazi ifanywe pamoja na wengine. Maktaba nyingi za umma Norway huandaa jioni za kufuma bila malipo, na mgeni hujifunza lugha hapohapo huku mikono ikiendelea. Lakini anayeshindwa kula au kuamka, au anayewazia kujidhuru, asingoje sindano wala uzi. Amwone daktari siku hiyohiyo.

Na uzi ununuliwe Oktoba, kungali na mwanga, maana Desemba hata kwenda dukani huwa mlima.

(Itaendelea)