MAFUTA KIDOGO YALIYOBAKI NYUMBANI

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Leo twataka kusema na yule ambaye kazi ya mshahara imemwishia, na sasa yampasa kujitafutia riziki kwa mikono yake mwenyewe.

Sisi wa Kedowa twakaa kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho. Hapa kwetu twalima viazi na kabichi na kukamua ng'ombe. Ukiendelea kuelekea Kericho utafika kwenye mashamba makubwa ya chai. Jamaa zetu wengi wamesomesha watoto kwa kikapu cha chai mgongoni. Lakini mashine ya kuchuma imeingia, nayo hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 hasira ilipanda, hata mashine kadhaa zikachomwa moto huko Kericho. Moto ulizimika, lakini mashine zingaliko. Na mama aliyeachishwa kazi aliamka asubuhi na swali lile lile: watoto watakula nini?

Tumtazame mjane wa somo letu. Mumewe amekufa akiacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumpa fedha. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mama huyo akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Wapendwa, hapo ndipo wengi wetu hukosea: twahesabu kilichoondoka, tusihesabu kilichobaki.

Basi tuhesabu. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu anayeachishwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena apewe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Hiyo ni haki yake, wala asione haya kuiuliza. Yakobo katika sura ya tano awaonya vikali wazuiao ujira wa wavunaji. Lakini fanya hesabu pamoja nasi. Aliyefanya kazi miaka 12 atapata, kwa kiwango hicho cha chini, mshahara wa siku 180. Miaka 12 ya jasho, na malipo yake ni kama nusu mwaka tu! Fedha hizo zikija kwa mkupuo mmoja huonekana nyingi. Mtu hununua pikipiki kabla hajajua kama atapata abiria, au hufanya karamu ya kuwaaga wenzake, na kabla mwaka kwisha anaomba unga kwa jirani. Hiyo ndiyo chupa yako ya mafuta, ndugu. Usiimwage.

Sasa angalieni alivyotenda mjane.

Kwanza, alifunga mlango akiwa na wanawe, nao wakamletea vyombo. Watoto walijua hali ya nyumbani, wakashika kazi. Baba, usimfiche mkeo kiasi ulicholipwa. Mama, waambie watoto kwamba mwaka huu hakuna viatu vipya. Nyumba iliyofichana ukweli haiwezi kujiajiri.

Pili, aliazima vyombo kwa majirani, vitupu, wala si vichache. Hakukopa fedha juu ya deni. Aliazima vyombo vya kufanyia kazi. Jirani aweza kukupa kipande cha shamba kwa msimu, au jembe, au mahali pa kuweka meza yako barabarani. Kuomba msaada wa namna hii si aibu.

Tatu, mafuta yalipokoma alirudi kwa mtu wa Mungu kuuliza kabla hajauza. Nawe uliza. Anayetaka kupanda chai na ajue kwamba mche hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Viazi huhitaji miezi mitatu hadi minne. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya wiki chache. Ng'ombe mwenye maziwa hulipa kila siku, lakini naye hula kila siku. Panda basi kitakacholisha nyumba mwezi ujao, kisha ndipo upande kitakachoilisha baada ya miaka mitatu. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14, alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kupiga hesabu.

Nne, aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Shikeni utaratibu huo. Wengi wana mkopo wa chama cha akiba, uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara. Mshahara umekoma, mkopo haukukoma. Usipolipa, watakatwa wadhamini wako, na huenda mmoja wao ndiye unayeketi naye benchi moja kanisani. Ushuhuda wako uko hapo kuliko katika nyimbo zako. Nenda ukaseme nao mapema, upange kulipa kidogo kidogo.

Pengine waona haya kuuza mboga sokoni mbele ya wale uliokuwa msimamizi wao. Mtume Paulo alikaa Korintho na Akila na Prisila wakishona mahema pamoja, naye aliihubiri Injili kwa vidole vilivyochoka kwa sindano. Mungu hakumpima kwa mshahara, wala wewe hakupimi hivyo.

Nasi ambao bado tuna kazi, tusijifanye wageni. Mjane alihitaji majirani wenye vyombo. Jumapili hii, tumtafute mmoja aliyerudi nyumbani bila kazi, tumwulize ana nini, na sisi tuna chombo gani cha kumwazima.

Tuombe. Ee Bwana, uwaangalie walioachishwa kazi. Wafungue macho waone kilichobaki, wape hekima ya kukitunza na moyo mnyofu wa kulipa madeni. Nasi utupe mikono isiyofumbwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.