Umbo la Wolverine Halikuwa Pambo

Bastola ya Whitney Wolverine, iliyoingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1950, husifiwa kwa sababu isiyo yake. Watu huutazama mwili wake laini, uliochongeka kama chombo cha anga za juu, wakaamua kwamba mbunifu wake, Robert Hillberg, alifuata tu mtindo wa zama zile, ambazo hata magari yalibandikwa mapezi. Ninashikilia kwamba umbo hilo lilianzia ndani, kwenye risasi na mitambo. Asiyelijua hilo hawezi kuupima kwa haki ufufuo wa bastola hii, uliofanywa na kampuni ya Olympic Arms karibu nusu karne baadaye.

Tuanze na risasi. Ile ya .22 Long Rifle, iliyopo tangu 1887, haina fataki katikati ya kitako. Kemikali ya kuwashia baruti imo ndani ya ukingo wa kitako hicho, nayo pini ya bastola huugonga ukingo. Ili ukingo ubonyee, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili presha kubwa. Udhaifu huo ulimfungulia Hillberg njia. Hakuhitaji mfumo mzito wa kufunga mtutu. Uzito wa bolti na nguvu ya springi vilitosha kulizuia ganda lisirudi nyuma kabla ya wakati wake, na fremu ingeweza kuwa ya aloi ya alumini. Akaifanya bolti mrija unaouzunguka mtutu, springi nayo akaivisha mtutu huohuo, vyote vikakaa ndani ya fremu na kukazwa kwa nati ya duara mdomoni. Fremu ilimiminwa kwenye kalibu ikiwa kipande kimoja, toka mdomo hadi mpini. Mrija ndani ya mrija hudai ganda la nje la mviringo.

Mpinzani makini atauliza: mbona Ruger Standard ya 1949, yenye bolti ya mviringo vilevile, inafanana na Luger ya Kijerumani? Swali ni zuri, na jibu liko kiwandani. Bolti ya Ruger hutembea nyuma ya mtutu, hivyo mtutu wenyewe hubaki wazi. Fremu yake nayo ni mabati mawili yaliyokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Fremu ya Hillberg ilimiminwa, na kwenye kalibu mkunjo ukishachongwa mara moja hauongezi gharama kwa kila bastola. Nakubali kwamba mitambo haikumlazimisha Hillberg kuulaza mpini kwa uzuri ule. Hapo jicho lake lilichagua. Lakini lilichagua ndani ya mipaka iliyowekwa na kazi.

Wapenzi wa bastola za kale husema Wolverine ya plastiki ya Olympic Arms si Wolverine. Mimi naona plastiki inaendeleza hoja ya Hillberg, maana nayo huingizwa kwenye kalibu, na presha ndogo ya .22 inairuhusu. Lawama yenye uzito ni nyingine: kwa mlenga shabaha, uzito husaidia mkono kutulia, na wepesi ukizidi hugeuka hasara. Lawama ya pili ni utepe wenye matundu ulioongezwa juu ya fremu, ambao kwa maoni yangu ndio pambo tupu pekee katika historia yote ya bastola hii.

Wengine hudai soko lenyewe liliikataa Wolverine ya awali, kwa kuwa zilitoka takriban 13,000 tu. Soko halikuhukumu umbo peke yake. Whitney ilikuwa kampuni changa iliyotegemea msambazaji mmoja, J. L. Galef wa New York, na bastola yake iliuzwa dola 39.95 wakati Ruger, iliyokwisha kujijengea jina, ilianza kwa dola 37.50. Olympic Arms nayo ilifunga milango 2017, na uzalishaji ukakoma tena. Kalibu ya kwanza na ya pili zilifanya kazi yake. Kilichokwama mara zote mbili ni kampuni.