Kumtii Mungu Siku za Kazi

Tunawasalimu kutoka Soy, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, mahali ambapo mazungumzo ya watu ni mahindi, maziwa na karo ya shule. Neno letu la leo nalo litapitia humo humo.

Jambo lenyewe ni kutii. Mama akimwambia jirani, "Mtoto huyu hasikii," hana maana kwamba masikio ya mtoto yameziba. Ana maana kwamba akiambiwa hafanyi. Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, kina desturi iyo hiyo: neno moja, shama, husimamia kusikia na kutii pia. Basi mtu anayeketi kanisani kila Jumapili, akasikia masomo na mahubiri, kisha Jumatatu akatenda apendavyo, kwa hesabu ya Biblia hajasikia bado.

Tazameni mfalme Sauli katika 1 Samweli sura ya 15. Sura hiyo ina mambo mazito ya vita ambayo yanahitaji kipindi chake. Leo tunatazama wale kondoo tu. Sauli alipewa agizo, naye hakulikataa. Hilo tulishike vizuri. Alikwenda, akapigana, akashinda, akatimiza sehemu kubwa ya agizo. Alichobakiza ni mfalme wa adui na wanyama walionona. Samweli alipofika, Sauli alimlaki kwa salamu njema, akasema amekwisha kulitimiza neno la Bwana, na huku kondoo wanalia nyuma yake! Alipoulizwa, alikuwa na majibu mawili tayari: kwamba watu ndio waliowaacha hai, na kwamba wameachwa ili watolewe sadaka. Majibu hayo tunayafahamu sana. "Ni vijana wangu waliopima." "Katika faida hii nitatoa fungu la kumi." Samweli akamwonyesha kwamba Mungu hapokei sadaka badala ya utii.

Sasa twende shambani. Mahindi yakivunwa huwa na maji mengi. Ili yakae ghalani salama, unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Kuyaanika huchukua siku nyingi, na mvua ya Novemba hapa petu haina adabu. Karo inadaiwa, mnunuzi yuko mlangoni na lori lake. Hapo mkulima aweza kujaza gunia hivi: yaliyokauka chini, mabichi katikati, yaliyokauka juu. Mnunuzi mwenye uzoefu atapenyeza bambo, ule mkuki mfupi wa chuma wenye mfereji, avute punje za ndani azitazame. Lakini bambo haifiki kila mahali.

Na yale mabichi je? Yatashika joto, yataota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Hatusemi kwamba waliuziwa kwa hila; mengi yalikuwa mahindi ya nyumbani yaliyowekwa kabla hayajakauka. Tunasema tu kwamba unyevu si jambo dogo. Ile amri ya kumpenda jirani inafika mpaka katikati ya gunia, hata kama jirani huyo ni mtu wa Mombasa au Turkana ambaye hatutamwona kamwe.

Vivyo hivyo maziwa yaliyotiwa maji, na gorogoro ambayo kitako chake kimebonyezwa kwa ndani ili ipime pungufu. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Gorogoro haikuwako siku za Musa, lakini Musa angeitambua mara moja.

Hata hivyo maziwa yana kipimo chake: ukitia maji, kile kipima maziwa huzama zaidi, na makarani wa kiwanda watakurudisha na mkebe wako. Mahindi yana bambo na mashine ya unyevu. Kuna jambo moja ambalo halina mashine, nalo ni mshahara wa kibarua. Mama ameingia palizi tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Jioni anaambiwa, "Njoo Jumatatu." Jumatatu anaambiwa mwenye shamba amekwenda mjini. Torati, katika sura ya 24 ya kitabu kile kile, inaagiza maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa maana anaitegemea fedha hiyo. Naye Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Tena siku hizi hakuna hata udhuru wa kukosa chenji. Fedha hutumwa kwa simu, mtu akiwa ameketi. Kwa maoni yetu, ukitaka kuujua utii wa Mkristo mwenye shamba, usiwaulize wanakwaya wenzake. Waulize vibarua wake.

Tusidanganyane, kutii kuna gharama. Jirani aliyeuza mahindi mabichi huenda akapata bei nzuri kuliko wewe uliyengoja. Hatuwaahidi kwamba Mungu atawarudishia gunia kwa gunia. Ndugu wa Uamsho walilijua hilo. Uamsho ule ulipotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwaka 1937, watu waliookoka walirudisha mali walizoiba na kulipa madeni ya zamani, kama Zakayo. Waliporudi nyumbani mifuko ilikuwa mitupu kweli kweli. Na siku za Mau Mau, katika miaka ya 1950, wako miongoni mwao waliokataa kula kiapo, na pia wakakataa kushika bunduki upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa.

Hapa kwetu Eldoret tunaye askofu wetu wa kwanza, Alexander Kipsang Muge. Kabla ya uchungaji alikuwa askari wa GSU, amri aliijua. Alipewa dayosisi hii ilipoanzishwa mwaka 1983, akasema waziwazi juu ya ufisadi na juu ya kura za mlolongo, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa hatari. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, alitangaza kwamba Muge akikanyaga Busia ataona moto na huenda asitoke akiwa hai. Tarehe 14 Agosti Muge alikwenda Busia, akakutana na watu. Akirudi, gari lake liligongana na lori la maziwa huko Kipkaren, naye akafa. Mengi yamesemwa juu ya ajali ile, nasi hatuna la kuongeza. Tunalotazama ni asubuhi ya siku ile, alipoingia garini. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kutuma barua.

Mtu atauliza, je, tunatii ili tuokolewe? La, hasha. Waefeso sura ya 2 inasema tumeokolewa kwa neema, kisha papo hapo inasema tuliumbwa tutende matendo mema. Mtoto hatii ili awe mtoto.

Lakini kuchagua kunahitaji kufanywa mapema. Mnunuzi akiwa mlangoni na fedha mkononi, moyo hubishana vibaya. Basi, baba na mama, ketini leo usiku kabla ya taa kuzimwa. Pataneni mahindi yataanikwa siku ngapi, na fedha za vibarua zitengwe wapi zisiguswe. Na kama yuko mtu anayewadai tangu palizi ya mwaka huu, mtajeni kwa jina lake, na kesho asubuhi mmoja wenu aende kwake.

Juma lijalo, Bwana akipenda, tutasoma sura ya 16, Samweli anapokwenda Bethlehemu kwa Yese. Isomeni mapema pamoja na watoto. Bwana awe nanyi.