Amri ya ulinzi: Sarufi isimfiche anayepiga

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Konza, aliniandikia akiuliza swali fupi: "Shikamoo Profesa. Ile karatasi ya korti ya kumzuia mtu asikukaribie inaitwaje kwa Kiswahili, na ninaiombaje kama sijui Kiingereza?" Swali lina pande mbili, la istilahi na la maisha ya mtu. Nitaanza na istilahi, kwa sababu anayekosea jina la anachokitafuta huzungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine.

Wengi wetu tumelipata wazo hili kwenye filamu za Marekani, ndiyo maana tunasema "amri ya kuzuia". Korti zetu zina zuio pia, lakini ukilitaja kwa karani wa mahakama huenda akadhani una kesi ya shamba: jirani anajenga kwenye mpaka, nawe wataka asimamishwe. Unachotaka wewe kiko katika Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka wa 2015, nacho huitwa amri ya ulinzi. Tofauti si ndogo. Zuio humtazama anayezuiwa, ulinzi humtazama anayelindwa. Ukifika kortini, sema: "Nimekuja kuomba amri ya ulinzi."

Neno la pili ni dhuluma. Mtaani tumelifanya lilingane na kipigo, hata mtu asiye na alama mwilini hujiona hana kesi. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili cha tangu hapo kumdhulumu mtu ni kumnyima haki yake au kuchukua kilicho chake. Maana hiyo pana ndiyo inayoafikiana na sheria. Sheria ya 2015 inataja kipigo, ndiyo, lakini pia vitisho, matusi, kumwandama mtu kila aendako, kuharibu mali, kumfungia mtu nje ya makazi yake, kumnyima pesa za matumizi, ukatili wa kingono hata ndani ya ndoa, ndoa za kulazimishwa na kurithi wajane kwa nguvu. Hata wakwe wanaoingilia maisha ya mtu kwa ubaya wametajwa.

Nalo neno "nyumbani" lisikufunge ndani ya kuta nne. Sheria inawahesabu walio katika ndoa na walioachana, wachumba na waliokuwa wachumba, wanaoishi nyumba moja, wazazi wa mtoto mmoja, jamaa wa ukoo, na walio na uhusiano wa karibu. Haibagui jinsia. Baba anayepigwa na mwanawe mtu mzima anaweza kuomba, na mume anayepigwa na mkewe vilevile.

Sasa niingie katika kiini cha makala haya. Maombi ya amri ya ulinzi huandamana na hati ya kiapo, yaani maelezo unayoyaapia kuwa ni ya kweli. Hakimu hakuwapo usiku ule, kwa hiyo atayaona mambo kupitia vitenzi vyako. Na Kiswahili, lugha yetu tamu, kina njia nyingi za kusimulia tendo bila kumtaja mtendaji.

Njia ya kwanza ni kauli ya kutendeka. "Mkono umevunjika." "Vyombo vimeharibika." "Nimeumia." Sentensi hizi ni sahihi kisarufi, ila hazina mtu. Mkono umevunjwa na nani? Mbona vyombo viharibike vyenyewe? Tumelelewa kuzungumza hivi kwa adabu, hasa mbele ya wakubwa. Kortini adabu hiyo humsaidia aliyevunja. Kiambishi kimoja kinatosha kulirekebisha jambo: "Alinivunja mkono." Hapo *a-* ni yeye, *-ni-* ni mimi, na hakimu anajua nani alimfanyia nani nini.

Njia ya pili ni hatari zaidi, nayo ni kauli ya kutendana. Mtu aliyepigwa akaanguka, akaamka, akapigwa tena, bado atasema: "Tulipigana." Au "tulikosana", au "tuligombana". Kiambishi *-an-* hugawanya tendo nusu kwa nusu. Ukisema mlipigana, umeshakiri kuwa nawe ulipiga, na upande wa pili utaikumbuka sentensi hiyo siku ya kusikilizwa. Kama alikupiga, sema alikupiga. Na kama nawe ulimsukuma ili upate njia ya kutoka, lisema hilo pia, kwa kitenzi chake na sababu yake. Kiapo ni kiapo, na kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai.

Njia ya tatu ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Kiswahili hakitofautishi mume na mke kwa *a-*. "Mama mkwe alipoingia, alimsukuma akaanguka." Nani alisukuma, na nani alianguka? Wewe unajua kwa sababu ulikuwapo. Mkalimani anayeigeuza sentensi hiyo kwa Kiingereza atalazimika kukisia, na akikisia vibaya mtu asiye na hatia atageuzwa mkosaji. Taja majina kila mara, hata kama unaona unajirudia. Kortini kujirudia si aibu.

Ya nne ni tafsida. "Ana mkono mwepesi." "Alinifanyia mambo mabaya." "Alitaka haki yake ya ndoa." Tunaficha kwa haya, na haya ni sehemu ya malezi mema. Lakini wahenga walishaona mbali: mficha uchi hazai. Kama alikulazimisha tendo la ngono, andika kwamba alikulazimisha na ulikataa. Kama maelezo ni mazito kusemwa mbele ya watu, omba hakimu akusikilize faraghani. Kama alikutisha kwa Kikamba, usimtafsirie. Andika maneno yake yaleyale ya Kikamba, kisha maana yake chini. Kitisho hupoteza makali kikihama lugha.

Linganisha maelezo haya mawili niliyoyatunga kwa mfano. La kwanza: "Tumekuwa na shida za nyumbani. Juzi tulikosana, tukapigana kidogo, mkono ukavunjika. Naomba korti inisaidie." La pili: "Jumamosi usiku, mwendo wa saa mbili, mume wangu alinipiga kwa rungu kwenye mkono wa kushoto. Mfupa ulivunjika. Kisha alichoma nguo zangu uani. Watoto wetu wawili waliona. Aliniambia akinikuta hapo asubuhi ataniua. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Naomba aamriwe asinikaribie nyumbani wala kazini." Tukio ni lilelile, lakini la pili lina siku, saa, silaha, mashahidi, kitisho, historia na ombi. Huhitaji digrii kuliandika. Linahitaji vitenzi vyenye wenyewe.

Hatua zenyewe ni hizi. Ukiumizwa, nenda hospitalini kwanza na uhifadhi karatasi za matibabu. Piga ripoti polisi upewe nambari ya OB, na fomu ya P3 ijazwe. Lakini fahamu kwamba amri ya ulinzi haingoji mtu ashtakiwe kwa jinai. Hizo ni njia mbili, na unaweza kuzifuata zote. Kwa mkazi wa Konza, mahakama zilizo karibu ni za Machakos na Mavoko. Hatari ikiwa kubwa, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Baadaye mlalamikiwa hupelekewa karatasi, siku ya kusikilizwa hupangwa, kila upande husema yake, na hapo hakimu huamua kama atatoa amri kamili. Usikose siku hiyo. Amri ya muda si mwisho wa safari.

Amri inaweza kumkataza mlalamikiwa kukupiga, kukutisha, kukufuata au kukanyaga unapoishi. Inaweza hata kukuachia nyumba mliyoishi pamoja ingawa hati ina jina lake peke yake. Akiivunja ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Beba nakala popote uendapo, na upeleke nyingine kituo cha polisi.

Na lugha je? Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mahakama za mahakimu zinaruhusiwa kuendesha kesi kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila malipo, na kinairuhusu korti kumkubali mtu wa kati amsaidie mlalamishi kuwasiliana nayo. Kwa hiyo mama wa Konza anayejieleza vizuri zaidi kwa Kikamba ana haki ya kusimama na kusema: "Mheshimiwa, naomba mkalimani." Jirani zetu Tanzania walikwenda mbali zaidi mwaka wa 2021, walipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sisi bado fomu nyingi ni za Kiingereza, na mtu anatia sahihi asichokielewa. Usitie kidole kabla hujasomewa kwa lugha unayoijua.

Msaada wa wakili upo hata kwa asiye na pesa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. FIDA-Kenya imekuwa ikiwatetea wanawake tangu 1985, na Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wanyonge tangu 1973. Simu ya 1195 hupigwa bila malipo kwa masuala ya dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Limebaki neno moja ambalo utalisikia sana ukishawasilisha maombi: "Msameheane." Litatoka kwa wakwe, kwa mchungaji, kwa wazee. Sisi Wakamba tunaiheshimu nzama ya wazee, nami sina neno nayo mbuzi wakiingia shambani kwa jirani. Lakini hebu litazame neno hilo kisarufi. Ni ile *-an-* tena: inamtaka aliyepigwa naye aombe msamaha, kana kwamba mkono wake ndio uliokuwa na rungu. Kusamehe ni hiari yako na hakuna korti inayokukataza. Amri, hata hivyo, haifutwi na kikao cha chini ya mti. Huifuta mahakama iliyoitoa, na hadi siku hiyo asiyetakiwa kukaribia asikaribie.