Tundu Lipi ni Lipi?

Juzi tulipanda Tianxiu Dasha, Guangzhou, kwa mfanyabiashara Mtanzania. Kompyuta yake ya mtumba, yenye Linux, haikupata intaneti, na mteja wa Dar es Salaam alikuwa anangoja hati za kontena. Nyuma yake tuliona matundu mawili ya waya.

Tukaandika "ip link". Yakatokea majina matatu: lo, ambamo kompyuta hujisemesha yenyewe, kisha enp2s0 na enp3s0. En ni waya. Wl ingekuwa Wi-Fi. P na s hutaja mahali kadi ilipochomekwa. Mipangilio ilitaja enp2s0, lakini hiyo ilionyesha NO-CARRIER: haina mawasiliano. Tukaandika "sudo ethtool -p enp2s0". Taa ya tundu tupu ikaanza kuwaka na kuzima. Tukahamishia waya hapo. Hati zikaenda.

"Na mimi nilikuwa naenda kununua kadi mpya!" mjomba akacheka.

Kabla ya kuilaumu kadi, tuiulize jina.